Miaka ya Chuo ya Shungi, na Yangu

Duka la Stesheneri,
Meza ya nyuma, kando ya printa,
Jumamosi, tarehe 17 Agosti.

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima, na kabla hujaniuliza hali yangu nakuuliza yako. Mgongo unaendeleaje? Ulisema kazini wamekubadilishia kiti. Natumaini ni kiti cha maana, si kile cha magurudumu kinachokimbia na mtu. Shemeji yangu hajambo? Na pacha, wameacha kugombania dirisha? Sisi huku tunapumua. Mimi mzima isipokuwa shingo, na huo ni ugonjwa wa kuinamia kompyuta kutwa. Shemeji yako mzima, ananenepa, ila yeye anasema fulana ndizo zinazopungua kila zikifuliwa. Habari za Mama na za binti yangu ndizo zilizonikalisha kuandika, nazo zinakuja. Niache nizifikie kwa njia yangu.

Utashangaa kwa nini barua na si simu. Kwenye simu ungenikatisha. Ningesema maneno mawili ungeniambia basi, yaishe, na mimi sitaki yaishe kabla hayajasemwa yote. Kwa hiyo nimefungua bunda jipya la karatasi, nimegeuza kibao cha mlangoni kisome "Tumefunga", na ni saa sita mchana. Wateja watanisamehe.

Unaukumbuka mchezo wetu wa runinga. Ule wa Jumamosi jioni kwa shangazi, sisi wawili tumekaa sakafuni, yeye kitandani, na majina ya wale vijana yalivyotushinda kutamka tukawapa ya kwetu. Shungi, yule msichana mwenye akili aliyefunga nywele utosini. Jaketi, ambaye hakulivua jaketi lake hata kwenye vipindi vya jua kali. Mdomo, na mwenzake Kimya. Marafiki wanne, shule moja, misimu mitatu. Basi Msumari ameukuta wote mtandaoni. (Bado tunamwita binti yangu Msumari, jina ulilompa mwenyewe alipokuwa na miaka mitatu, mwembamba na hang'oki. Sasa ana kumi na tisa na hajabadilika.) Tangu mwezi wa pili tumekuwa tukiutazama kila Jumapili baada ya kufua, mimi na yeye na Mama, huku shemeji yako akikoroma kwenye kochi na kuzinduka mara moja moja kuuliza, "Huyu si alishakufa?"

Misimu ile ya shule bado ni mizuri, Dada. Nilikuwa naogopa nitaikuta imechuja, kumbe wapi. Kile kipindi ambapo Shungi anamwonyesha mwalimu wa fizikia kwamba swali la mtihani lenyewe lina kosa, amesimama ubaoni na chaki, sauti imara, Msumari alikirudia mara tatu. Mama naye alimpenda mama yake Shungi, yule mfuaji wa mashuka ya hospitali. Kila akitokea Mama anaweka chini sindano yake ya kufumia apate kumtazama vizuri.

Halafu wakaingia chuo, na hapo ndipo damu yangu ilipoanza kuchemka.

Kwanza, wote wanne wamepata chuo kimoja. Jaketi, aliyefeli hisabati misimu mitatu mfululizo, yumo. Kimya, aliyetuambia mara nne kwamba anataka gereji yake na hataki kuona kitabu tena maishani, yumo. Mimi ndiye ninayewajazia watu fomu za vyuo, mwaka wa kumi na moja sasa. Nawajua marafiki wanne. Mmoja anapata alichokiomba, mmoja anapewa kozi ambayo hata jina lake hawezi kulitamka, mmoja anaambiwa ajaribu mwakani, na wa nne anakwenda kufanya kazi kwa mjomba wake na wala hasikitiki. Walioandika mchezo ule wangekuja kukaa hapa dukani wiki moja tu ya mwezi wa saba.

Pili, vyumba. Chumba cha Shungi bwenini kina zulia, kiti cha kubembea, na dirisha linaloanza ukuta huu kuishia ukuta ule. Nani alimpa? Chumba changu mimi ulikiona, watu wanane kwenye vitanda vya juu na chini, na kabati ambalo lilifungwa kwa kamba ya kiatu.

Na hakuna anayesoma. Nilianza kuhesabu kwa hasira. Katika vipindi kumi na viwili vya msimu wa nne kitabu kimefunguliwa mara mbili, na mara moja kati ya hizo kilifunguliwa kutoa ua lililokaushwa ndani. Mtihani unatajwa kama mvua iliyonyesha mtaa wa pili. Mhadhiri ni mmoja, kijana, nywele nzuri, na kazi yake ni kuegemea meza.

Hayo yote ningeyameza. Kisichomezeka ni walivyomfanya Shungi. Msichana aliyefungua redio ya shule akaiunga upya, sasa kazi yake ni kukaa kitandani anaitazama simu, Jaketi amepiga, Jaketi hajapiga. Anauliza maswali ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiyajibu akiwa na miaka kumi na mitano. Na mama yake ametoweka. Mwanamke aliyefua mashuka misimu mitatu, vidole vimechubuka, ili mtoto afike pale, hapigiwi simu hata moja. Mama ndiye aliyeliona kwanza. Akauliza, "Mama yake yuko wapi?" Jumapili iliyofuata akauliza tena. Msimu ulipokwisha alikuwa ameacha kuuliza.

Sasa msimu wa tano, kipindi cha sita. Shungi anapata barua kutoka taasisi ya sayansi ya mji mwingine, nafasi ya mtu mmoja tu chuo kizima. Anaipeleka juu ya paa walikokaa wenzake. Jua linazama. Anaichana. Vipande vinapeperuka, kinanda kinalia, wote wanne wanakumbatiana, na sisi watazamaji tunatakiwa tufurahi. Niliachama, Dada. Nikageuka kumtafuta Msumari nipate mwenzangu wa kukasirika naye. Alikuwa analia, na ndani ya machozi alikuwa anatabasamu.

Hiyo ilikuwa Jumapili ya tarehe nne. Kesho yake duka lilijaa tangu asubuhi, kwa sababu Ijumaa ndiyo ilikuwa mwisho wa kuthibitisha nafasi za vyuo. Kazi yenyewe ni ndogo. Unaingiza namba ya mtihani, mwenye namba anainama kuandika neno lake la siri, unabofya, na inatoka karatasi imeandikwa IMETHIBITISHWA kwa wino wa kijani. Wanaipokea kwa mikono miwili. Mzee mmoja fundi viatu aliomba ya mwanawe niiwekee plastiki asubuhi ile ile, na printa ilikuwa imemeza karatasi mara tatu, na bado nilifurahi naye.

Saa saba watu walipopungua nikaenda kuizima kompyuta ya pili, aliyokuwa ameitumia Msumari. Ukurasa wake ulikuwa wazi. Upimaji ardhi, kozi aliyoiomba mwenyewe, chuo kilicho safari ya siku nzima kutoka hapa, zimebaki siku nne, HAIJATHIBITISHWA. Chini yake kulikuwa na ombi jingine limejazwa nusu: usimamizi wa ofisi, chuo cha hapa mjini, alikopata nafasi rafiki yake Chiriku. Umepata kumsikia Chiriku kwenye simu, yule asiyevuta pumzi akiongea. Wamekaa dawati moja tangu wana miaka saba.

Mtoto anayebeba rula mfukoni, Dada. Mtoto aliyepima sebule yetu kwa kamba na kuniambia kona moja haijanyooka, na fundi alipokuja akakuta ni kweli. Usimamizi wa ofisi.

Jioni nilimwita sebuleni, nikaanza vibaya. Nilianza na Shungi. Nilimwambia kuwa kuichana ile barua ni upuuzi, na kwamba walioandika walikuwa wavivu tu wa kumtengenezea msichana maisha ya mji wa pili. Akasema Shungi alikuwa na furaha. Nikasema analipwa ili aonekane na furaha. Akasema Chiriku atapotea bila yeye. Nikasema Chiriku hajawahi kupotea tangu azaliwe, anasikika kutoka kituo cha basi. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akanitazama, na sauti yake ikashuka badala ya kupanda.

"Mama, wewe uliacha chuo kwa ajili ya Bibi, na watu wanakusifu mpaka leo. Mimi nikiacha kwa ajili ya mtu ninayempenda, kwa nini unaita ni upuuzi?"

Mama alikuwa pale pale, kwenye kiti chake cha dirishani. Akasema nisimgombeze mtoto, kosa lilikuwa lake yeye, aliugua wakati mbaya. Miaka ishirini na moja Mama anaisema sentensi hiyo, na miaka ishirini na moja mimi naipokea kama mtu anavyopokea salamu. Jioni hiyo sikuweza kuipokea. Nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Zikapita siku mbili. Nilikuwa na hasira na kila kitu: na Msumari, na mchezo, na wewe pia, nikuambie ukweli, kwa sababu ulikuwa mbali na umepumzika. Dukani nilimpigia kelele mwalimu mmoja aliyetaka nakala arobaini upande mmoja badala ya pande mbili. Nikawathibitishia watoto wa watu nafasi zao, na kila karatasi ya kijani ikitoka naiona ya wangu haimo.

Jumatano mchana nikafunga duka, nikamkalisha Msumari kwenye kiti cha wateja, nikamweleza. Wewe unaijua nusu, maana ndiye uliyekuja kunichukua. Unajua ulinikuta nimekaa juu ya begi langu nje ya bweni. Unajua kwenye basi ulisema Mama ana presha, basi tutasema nimerudi kumwangalia, watu hawatauliza zaidi. Ulisema kwa wema. Nikakulalia begani njia nzima.

Nusu usiyoijua ni hii, na ndiyo sababu ya barua yote. Nilikuambia wamenifukuza. Hawakunifukuza, Dada.

Nilifeli masomo mawili kati ya saba. Waliobandikwa ubaoni tulikuwa kumi na watano, na chini ya majina iliandikwa tarehe ya mtihani wa marudio, wiki sita mbele. Wale kumi na wanne waliandika tarehe kwenye madaftari yao wakaenda kula. Mimi nilipanda chumbani nikafunga begi. Ningeweza kubaki. Hakuna aliyeniambia ondoka, hata mmoja.

Na nikuambie kwa nini nilifeli, kwa sababu hilo nalo sijapata kulisema. Mwaka ule ule niliokwenda chuo ndio wao pia waliingia chuo kwenye mchezo. Ulikuwa unaonyeshwa kwenye runinga ya ukumbi wa bweni, na mimi nilikuwa wa kwanza kukaa. Nilikuwa nimefika na picha ile kichwani: kwamba wiki ya kwanza mtu ataangusha vitabu vyake mbele yangu, tutacheka, na kuanzia hapo tutakuwa wanne. Hakuna aliyeangusha chochote. Wenzangu wa chumba walikuwa watu wazuri wenye shughuli zao. Nilikula chakula cha mchana kwenye ngazi za nyuma ya maktaba, peke yangu, nikijifanya nasoma, kisha nikaacha kujifanya, kisha nikaacha kwenda darasani, maana darasani ndiko upweke ulikoonekana na watu. Nilidhani ni mimi niliye na kasoro. Kumbe chuo ndivyo kilivyo miezi ya kwanza, kwa karibu kila mtu, na hakuna kipindi hata kimoja katika vile kumi na vinane nilivyoviona kinachosema hivyo. Ndiyo maana nauchukia, Dada. Sio zulia wala kiti cha kubembea.

Nilimwambia Msumari yote hayo bila kulainisha. Nilimwambia sikuacha chuo kwa ajili ya mtu ninayempenda. Nilikimbia, na nikampa bibi yake mzigo anibebee. Nilitegemea atalia, au atanishika mkono, kama wanavyofanya kwenye runinga. Akaniuliza swali moja.

"Bibi anajua?"

Nikasema hajui. Akainuka, akasukuma kiti kikaingia chini ya meza vizuri kama alivyofundishwa, akatoka. Jioni alikula chakula chake akiwa upande wa Bibi, na mimi hakunitazama.

Alhamisi asubuhi nikaenda chumbani kwa Mama. Alikuwa kitandani na uzi wake mapajani, anafuma kile kitambaa cha meza ambacho miezi yote hii nimekuwa nikimtania kwamba amekiacha kitambaa anafuma ramani, jinsi mistari inavyopinda. Nikakaa sakafuni. Nikasema yote, hata habari ya wiki sita. Hakunikatisha. Nilipomaliza akauliza ilikuwa mwezi gani. Nikamwambia. Akauliza tena, polepole, kana kwamba anamwuliza mtu wa ofisini, "Kwa hiyo presha yangu haikuhusika?"

Nikasema haikuhusika.

Akauvuta uzi na kuuachia, tena na tena, na mimi nikasubiri. Kisha akasema, "Daktari aliniambia nirudi kwa kipimo. Mwaka juzi. Sikurudi. Nilisema huyu mtoto anakaribia mitihani yake, nisije nikamharibia kama nilivyokuharibia wewe."

Dada, mimi nimekaa na maneno hayo siku tisa na bado sijui niyaweke wapi. Mwaka juzi. Tulikuwa tunaishi nyumba moja. Alikuwa anaona kizunguzungu na kukaa kitandani akitusubiri tuondoke, mimi dukani, Msumari shule, kisha ndipo anainuka akishika ukuta. Karatasi ya daktari ilikuwa ndani ya mfuko wa nyuzi, imekunjwa mara nne, chini ya nyuzi nyeupe. Nimeununua mfuko ule mimi mwenyewe.

Tulikwenda hospitali asubuhi hiyo hiyo. Daktari ni binti mdogo, mpole, anaandika kwa mkono wa kushoto. Alimpima presha mara mbili kwa sababu ya kwanza hakuiamini. Akamwangalia macho kwa kile kitaa chao, akatuelekeza kwa mtaalamu wa macho, na Jumatatu yule naye akatuambia. Presha imeharibu mishipa ya nyuma ya jicho la kushoto. Kilichokwisha potea hakirudi. La kulia bado linafaa na linaweza kulindwa, akinywa vidonge kila siku na asikose kupimwa. Kumbe mistari ilikuwa inapinda kwa sababu hiyo, na mimi nacheka. Moyo wenyewe umekutwa na nafuu kuliko tulivyohofia, kwa hilo tunashukuru.

Tulipotoka kwenye chumba cha mtaalamu nilimpa mkono wangu ashike. Hakuushika. Alishika ukuta wa ule ujia hadi mlangoni, mimi nikimfuata nyuma na begi lake. Hajanitukana, hajanung'unika. Ananiita kula, ananiuliza kama duka limekwenda vizuri. Lakini mkono wangu haushiki bado.

Narudi kwa Msumari. Siku ile ya mwisho, Ijumaa, alikuja dukani saa nne. Hakupita nyuma kama mtoto wa mwenye duka; alipanga foleni nyuma ya watu watatu, na alipofika mbele yangu akataja namba yake ya mtihani kana kwamba simjui. Nikaingiza. Akainama akaandika neno lake la siri. Nikabofya. Printa, ambayo wiki nzima ilikuwa inanitesa, ilitoa karatasi bila shida. Akasema anaomba nakala mbili. Moja akaiweka kwenye begi. Ya pili alipofika nyumbani alimpa Bibi.

Usidhani ni mimi niliyemshawishi. Ni Chiriku. Alhamisi, wakati sisi tuko hospitali, Msumari alikwenda kwao kumweleza mpango wake kwa mara ya kwanza. Maana mpango mzima aliupanga bila kumwuliza mwenyewe. Chiriku alikasirika mpaka akaishiwa maneno, jambo ambalo halijapata kutokea. Alimwambia kwamba hakumwomba, na kwamba yeye alishaanza kufurahia kukaa mahali ambapo hakuna atakayemlinganisha na mtu anayejua hesabu kichwani. Walilia wote wawili. Hayo nimeyapata kwa mama yake Chiriku, si kwa binti yangu, ambaye na mimi sasa huongea mambo ya lazima tu: chaji iko wapi, godoro linafungwaje. Juzi aliniuliza nilifeli masomo gani mawili. Nikamwambia ni takwimu na uandishi wa ripoti. Akasema takwimu na yeye anayo, muhula wa kwanza. Kisha akaendelea kukunja nguo zake. Anaondoka mwisho wa mwezi.

Shemeji yako nilimweleza Alhamisi hiyo hiyo, maana na yeye alinioa na ile hadithi nzuri. Alikuwa anafungua mgongo wa friji la mteja, bisibisi mdomoni. Akaitoa. Akaipangusa kwenye suruali, nikajua sasa nakwisha. Akasema, "Kwa hiyo matano ulifaulu." Nikalia pale pale kwenye vipande vya friji. Sikuwa nimewahi kuyahesabu yale matano, hata siku moja.

Mchezo tumeuacha pale pale kwenye paa. Jumapili hakuna aliyewasha runinga. Shemeji yako tu ndiye anayeendelea nao kwenye simu, kimya kimya, eti apate kujua mwisho, na kaniambia bila kuulizwa kwamba Shungi anaolewa na Jaketi na kwamba mama mtu anaonekana arusini, ameketi mstari wa nyuma, hasemi neno. Nimemwomba asimwambie Mama.

Sasa neno langu la mwisho. Mama anataka kukupigia. Alitaka kukupigia siku ile ile, tukiwa bado kwenye benchi la hospitali, nikamwomba asubiri barua hii ikufikie, kwa sababu wewe na mimi hatujawahi kuwa na ukweli mmoja. Ulinifichia siri ambayo haikuwa siri yenyewe. Amekubali kusubiri wiki mbili, hadi Jumapili ya tarehe mosi. Sijui atakuuliza nini. Nilipomwuliza alisema hilo ni lake na mwanawe mkubwa.

Mwambie ulidhani nimefukuzwa. Ni kweli, na ni haki yako. Mwambie nani alisema nini kwenye lile basi. Akinyamaza usijaze kile kimya, mimi nimejifunza hivyo. Na nakuomba kitu kimoja, ambacho kitakuwa kigumu kwako kwa sababu umekifanya tangu mimi nikiwa na miaka minne: usinitetee. Ukihisi unaanza kunitafutia sababu, kata maneno umwulize kuhusu jicho. Hapendi kulizungumzia na sisi, lakini kwako wewe atasema.

Hasira yako juu yangu naisubiri, na ni haki yako. Uiandike au uilete mwenyewe, nitaipokea.

Nisalimie shemeji yangu, nisalimie pacha mmoja mmoja wasije wakagombania na salamu, na yule jirani yako mpishi aliyekupa dawa ya mgongo. Shemeji yako anakusalimu. Msumari anasema atakuandikia akifika chuoni, barua ya kwake, isiyopita kwangu. Mama hajatuma salamu. Amesema atakupa mwenyewe. Mungu akupe nguvu ya kuisikiliza sauti yake hadi mwisho, na akurudishe kwetu salama siku ya kuja.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bila kupungua, hata leo ambapo sijui kama utanijibu.